Daudi Kabaka: Mfalme wa twist aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka

MNAMO mwaka 1968, kundi la vijana wa Kiingereza, The Tremeloes, lilipanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizovuma Uingereza. Hawakuwa wanagenzi. Ni kundi lile ambalo kampuni ya Decca ililichagua mwaka 1962 na kuwaacha The Beatles waende zao. Wimbo waliopanda nao uliitwa Helule Helule, na haukutungwa London. Ulitoka katika studio ya Equator mjini Nairobi, na mwenyewe alikuwa Daudi Kabaka.

Wakazi wa Malaba, Busia na vijiji vya mpakani kama Moding hawahitaji kuelezwa sana maisha ya mtu wa aina yake. Kabaka alizaliwa mwaka 1939 huko Kyambogo, Kampala, ingawa asili yake ilikuwa magharibi mwa Kenya. Siku hizo lilikuwa jambo la kawaida. Reli iliyotoka Nairobi ikapita Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na Waluhya, Wajaluo na Wateso wengi walivuka kwenda kutafuta kazi katika reli, viwandani na katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Shilingi ilikuwa moja pande zote mbili. Tena hadi mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa mkoa wa Uganda, kwa hiyo mstari uliochorwa baadaye uliwakuta watu wakiwa tayari na jamaa huku na huku. Hata jina alilojulikana nalo ni cheo cha mfalme wa Buganda. Mtu akiitwa hivyo Nairobi alikuwa amekwisha kutajwa atokako.

Mwanzoni mwa miaka ya 50, akiwa bado mtoto, aliletwa Nairobi. Mji huo ulikuwa unaelekea katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakati ambapo Mwafrika alihitaji kipande ili atembee. Kabaka hakufika mbali na masomo. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya nyimbo zake zilizopendwa zaidi, Msichana wa Elimu, haisikiki kama mahubiri ya mwalimu bali kama maneno ya kijana aliyesimama nje ya lango la shule akitazama ndani. Kisomo kilikuwa kimeanza kuwagawa watu katika makundi, na yeye alijua amebaki kundi gani.

Gitaa alilijua mapema. Wakati huo magharibi mwa Kenya ilikuwa na mafundi wake wa gitaa kavu, akiwemo George Mukabi aliyeuawa mwaka 1963, ambao walipiga nyuzi kwa vidole huku mwenzao akikwaruza chupa ya Fanta kutunza mwendo. Kabaka alichukua ufundi huo wa nyumbani akauchanganya na mambo mawili yaliyotoka mbali. La kwanza ni kwela ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa imeteka masikio ya Nairobi. La pili ni twist ya Wamarekani, iliyolipuka duniani mwaka 1960 kupitia Chubby Checker. Wapo wanaosema kwamba aliiga. Anayesikiliza African Twist kwa makini atatambua kuwa Marekani ilitoa jina na mtikisiko wa kiuno tu. Gitaa lile ni la kijijini, na sauti ile nyororo ya juu haina mfano Marekani. Hakuwa peke yake katika mtindo huo, kwani John Nzenze naye alitamba na Angelike Twist, lakini taji la ufalme lilimkaa Kabaka.

Equator, kampuni ya Charles Worrod, ilikuwa nyumba ya vipaji kutoka kila upande. Katika Equator Sound Band, Kabaka alikaa na Fadhili William, aliyeipeleka Malaika katika sahani za santuri, Gabriel Omolo, ambaye baadaye alitesa na Lunch Time, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Huyu kutoka Taita, huyu kutoka Nyanza, wale kutoka kusini kabisa, na mmoja mzaliwa wa Kampala, wote wakiimba Kiswahili. Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Kabaka ndiye aliyeimba Harambee Harambee, na redio ya taifa ikaupiga wimbo huo miaka na mikaka hadi ukawa kama mali ya serikali. Western Shilo ulibeba jina la magharibi, kwa watu wake.

Kisha mambo yakageuka, na si kwa muziki tu. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya vibarua Wakenya kutoka Uganda. Familia zilizokuwa Kampala na Jinja kwa vizazi viwili zilirudi zikivuka Malaba na Busia na virago vichwani. Mwaka 1976 Idi Amin akadai ardhi ya magharibi ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Utoto wa aina ya Kabaka, wa kuzaliwa upande mmoja na kukulia upande wa pili pasipo mtu kuuliza karatasi, ulikuwa umekwisha.

Katika muziki, benga na bendi kutoka Kongo zilitwaa kumbi. Mapema miaka ya 70 Kabaka aliunda kundi lake, African Eagles, akaendelea kupiga. Lakini biashara ya santuri ilikuwa na kasoro ambayo wanamuziki wa kizazi chake waliijua kwa machungu: msanii aliingia studio, akarekodi, akapokea ujira wake, na mengi yaliyofuata yakawa ya kampuni. Helule Helule ulichezwa Ulaya. Mtunzi wake alizeeka akitegemea gitaa na maonyesho ya usiku.

Fadhili William alifariki Februari 2001. Kabaka alimfuata Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka huo ndio Kenya ilipopitisha sheria mpya ya hakimiliki, ambayo ilianza kutumika mwaka 2003.