Mwaka 1910: Gandhiji, Reli na Mji Wetu

Mwaka 1910 reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Dodoma. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa mwaka 1907, ikavuka tambarare ya Mkata, ikapita Kilosa na kufuata bonde la mto Mkondoa, kisha ikaingia katika nchi ya Wagogo. Mpwapwa na Kilimatinde, vituo vilivyokuwa na sifa tangu enzi za misafara ya pembe na ya wapagazi, viliachwa kando ya njia, na mahali palipokuwa padogo pakawa mji. Nyuma ya mataruma walikuja wenye maduka. Walinunua ngozi, samli, nta, karanga na ufuta, wakauza nguo, chumvi na majembe. Wengi wa wazee wa hekalu letu ni wana na wajukuu wa watu wa namna hiyo, nasi hatuoni aibu kusema kwamba bila reli hekalu hili lisingekuwapo.

Mwaka huohuo, mbali nasi upande wa kusini, kilitoka kwa Kiingereza kitabu chembamba kilichoilaumu reli kwa ukali ambao hata leo humshangaza msomaji. Mwandishi wake alikuwa mwanasheria wa Kigujarati mwenye umri wa miaka 40, Mohandas Karamchand Gandhi. Tulipoombwa kuandika maisha yake kwa ajili ya toleo hili la maadhimisho, tuliona kwamba habari zake kuanzia utotoni hadi kifo zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Tumeonelea afadhali tusimame katika mwaka mmoja, mwaka wa mji wetu, tumtazame alikuwa akifanya nini.

Alizaliwa Porbandar tarehe 2 Oktoba 1869, mwana wa Karamchand, aliyekuwa waziri wa mtawala wa huko, na Putlibai, mama mcha Mungu aliyezoea kufunga. Aliozwa Kasturba wakiwa wote watoto wa miaka 13. Alisoma sheria London, akarudi nyumbani mwaka 1891, na kazi ikamshinda, kwa maana alikuwa mwenye haya hata kusimama mahakamani. Mwaka 1893 kampuni moja ya Waislamu wa Porbandar iliyokuwa na biashara Afrika Kusini ilimwajiri kwa mwaka mmoja, akapanda meli kutoka Bombay.

Safari hiyo ilimpitisha katika pwani yetu. Bandari ya kwanza ilikuwa Lamu, ambako alishuka kwa saa chache, akazungumza na makarani Wahindi wa posta, akajaribu pia kuwatazama wenyeji na maisha yao. Aliporudi baharini mkondo ulikuwa mkali, mashua yake ikashindwa kuikaribia meli, nayo meli ilikuwa tayari kung'oa nanga. Ilibidi avutwe juu kwa kamba. Kisha akapita Mombasa, akakaa Zanzibar siku nane au kumi akingoja meli nyingine, akistaajabia ukubwa wa miti ya kisiwani. Hatujui mahali pengine katika historia yake ambapo Afrika Mashariki ilikaribia kumpoteza kwa sababu ya maji kupwa na kujaa.

Wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 7 Juni, alitupwa nje ya gari moshi katika stesheni ya Pietermaritzburg, ingawa alikuwa na tiketi halali ya daraja la kwanza, kwa kuwa abiria mmoja mzungu hakutaka kusafiri na mtu wa rangi yake. Alikaa mpaka asubuhi katika chumba cha kungojea, kwenye baridi. Kila mtoto wa darasa letu la Jumapili anakijua kisa hiki, hivyo hatutakikawilia.

Mwaka mmoja ukawa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilileta sheria ya kuwataka Waasia wote wajiandikishe na kutoa alama za vidole. Tarehe 11 Septemba mwaka huo Wahindi walikusanyika Johannesburg, Wahindu kwa Waislamu, wakaapa kutoitii sheria hiyo na kuyakubali mateso yatakayofuata bila kuinua mkono. Mapambano hayo ndiyo aliyoyapa jina la Satyagraha, yaani kushikamana na kweli. Mwezi Agosti 1908 vyeti zaidi ya 2,000 vilichomwa moto katika uwanja wa msikiti wa Hamidia. Gandhiji alifungwa mara kadhaa, na mwanawe mkubwa Harilal naye alikwenda gerezani mara kwa mara.

Mwaka 1909 alikwenda London kuisihi serikali ya Uingereza, akarudi mikono mitupu. Ndani ya meli ya kurudia, mwezi Novemba, aliandika kwa siku kumi kitabu kiitwacho Hind Swaraj, kwa Kigujarati, na mkono wa kulia ulipochoka aliandika kwa wa kushoto. Mwezi Machi 1910 serikali ya Bombay ilikipiga marufuku, naye akatoa tafsiri yake ya Kiingereza mara moja.

Katika kitabu hicho alidai kwamba reli zimeeneza tauni kwa kuwachukua wagonjwa huku na huko, na kwamba zimezidisha njaa, kwa sababu mkulima huuza nafaka yake inakopata bei kubwa na ghala la kijijini hubaki tupu. Msomaji wa Dodoma anaweza kucheka. Mahindi ya msaada yametufikia kwa reli hiyohiyo katika miaka mingi ya ukame. Lakini na akumbuke pia Mtunya, njaa kuu iliyoiangamiza Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Ukame ulikuwapo, ila kabla ya ukame yalipita majeshi mawili, la Wajerumani kisha la Waingereza, yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na reli ikiwa tayari kuvisafirisha vilivyochukuliwa. Hatusemi kwamba reli ndiyo iliyoua. Tunasema kwamba aliyeandika yale hakuwa akiropoka, na kwamba sisi tulioishi kwa kununua mazao na kuyapeleka penye bei tunapaswa kumsoma bila kuruka kurasa.

Naye hakuacha kupanda gari moshi. Katika miaka ya baadaye aliizunguka India yote kwa reli, akikaa daraja la tatu. Wafuasi wake wamejitahidi kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyopatana. Sisi tunaona hayapatani, wala hilo halitusumbui.

Mwaka 1910 ulipoanza, mapambano ya Transvaal yalikuwa yamedhoofika. Jambo hili husahaulika katika picha zenye mashada ya maua. Wafanyabiashara wengi walikuwa wamechoka: maduka yalifungwa wenyewe walipokuwa gerezani, wadai waliwabana, na mmoja mmoja walikwenda kuchukua vyeti. Waliobaki tayari kufungwa walikuwa wachache, wengi wao wachuuzi na vibarua, baadhi yao Watamil maskini. Jamaa zao walilishwa kwa posho ya kila mwezi, na ingawa Ratan Tata alileta rupia 25,000 kutoka India, fedha ya namna hiyo haidumu. Lilihitajika pahali ambapo jamaa za wafungwa wangeweza kuishi kwa gharama ndogo, kwa kazi ya mikono yao wenyewe.

Tarehe 30 Mei 1910 rafiki yake Hermann Kallenbach, Myahudi mzaliwa wa himaya ya Ujerumani na msanifu majengo, alimkabidhi bila kodi shamba la ekari 1,100 karibu na stesheni ya Lawley, maili 21 kutoka Johannesburg. Palikuwa na visima viwili na chemchemi, miti ya machungwa na matunda mengine karibu 1,000, na nyumba moja ndogo chini ya kilima. Waliliita Shamba la Tolstoy, kwa heshima ya mwandishi wa Urusi ambaye Gandhiji alikuwa akiandikiana naye barua.

Walikaa huko Wagujarati, Watamil, Watelugu na watu wa India ya kaskazini. Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo. Hawakuweka mtumishi hata mmoja. Kupika, kufagia, kuteka maji, kulima, kujenga, na kutupa taka za chooni, kila kazi ilikuwa ya wote. Kwa mtu wa tabaka la juu, aliyelelewa aamini kwamba kazi ya choo ni ya wengine, hili lilikuwa pigo kubwa kuliko gereza. Wazee wetu wanafahamu tunasema nini, maana bado tunayo mambo ya namna hiyo ambayo hatuyazungumzi mbele ya wageni.

Jiko lilikuwa moja. Gandhiji hakupenda nyama ipikwe, lakini hakuamuru. Aliwauliza akina mama wa Kikristo na wa Kiislamu, akiwa tayari kukubali jibu lolote, nao wakaridhia chakula cha mboga. Ulipofika mwezi wa Ramadhani vijana wa Kiislamu walifunga, na vijana wa dini nyingine wakafunga pamoja nao, wakawaandalia futari, wakala pamoja baada ya jua kuchwa. Majirani zetu Waislamu wanaokuja kutuamkia siku ya Diwali wangejisikia wako nyumbani.

Kallenbach alikwenda kwa watawa wa Mariannhill kujifunza kushona makubadhi, akamfundisha Gandhiji, naye akawafundisha wengine. Useremala walijifunza pia, wakatengeneza vifaa vyao wenyewe. Aliyetaka kwenda Johannesburg kwa haja yake binafsi alikwenda kwa miguu. Aliyekwenda kwa kazi ya shamba alipewa nauli ya daraja la tatu. Walikuwa wakiondoka saa nane usiku na kurejea siku hiyohiyo, maili 42 kwenda na kurudi.

Siku moja baada ya shamba kutolewa, tarehe 31 Mei, Muungano wa Afrika Kusini ulianza rasmi. Katika bunge lake Mwafrika hakuruhusiwa kuketi. Hapa yatupasa kusema jambo ambalo majirani zetu Waafrika wana haki ya kutuuliza, na baadhi yao wametuuliza. Gandhiji wa miaka hiyo hakuwapigania Waafrika. Katika miaka yake ya mwanzo aliandika juu yao kwa dharau, alilalamika Wahindi kuwekwa kundi moja nao katika posta na katika magereza, na madai yake yalikuwa ya Wahindi peke yao. Majira ya joto ya 1909 alipokuwa London, ulikuwako huko pia ujumbe wa William Schreiner, John Tengo Jabavu na Abdullah Abdurahman, wakipinga katiba ya Muungano iliyowafungia nje watu weusi. Jumbe hizo mbili zilibisha hodi katika ofisi zilezile, kila mmoja peke yake, na zote mbili zikarudi bila kitu.

Kuna wanaotaka jambo hili lisitajwe katika kitabu cha sherehe. Tumelijadili katika kamati, na maoni hayakuwa mamoja. Tumeliandika kwa sababu sisi pia tuliishi muda mrefu mno katika mji huu tukiwa na kaunta kati yetu na jirani, na hatuwezi kumlaumu yeye tukajisahau. Ni kweli vilevile kwamba mwaka 1906, katika vita vya Bambatha, kikosi chake cha wabeba machela kiliwauguza Wazulu waliojeruhiwa na ambao wauguzi wazungu hawakutaka kuwagusa, na kwamba mwaka 1908 alizungumza hadharani Johannesburg juu ya nchi ambamo mataifa yote yangechanganyika. Mawazo yake yalipanuka polepole. Mwaka 1910 yalikuwa bado njiani.

Ulikuwa mwaka wa vifo na ishara. Nyota yenye mkia, ile ya Halley, ilipita karibu na jua mwezi Aprili, na watu wa dunia nzima wakakesha kuitazama. Mfalme Edward VII alikufa tarehe 6 Mei. Tarehe 27 mwezi huohuo alikufa Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyewahi kuchunguza malaria na tauni katika nchi hii. Mwezi Septemba Tolstoy, akiwa na miaka 82, alimwandikia Gandhiji barua ndefu ya mwisho kuhusu upendo na kukataa nguvu. Majuma machache baadaye mzee huyo alitoroka nyumbani kwake usiku, akapanda gari moshi, akaugua njiani, na tarehe 20 Novemba akafa katika nyumba ya mkuu wa stesheni ya Astapovo.

Reli yetu ilisonga mbele hadi Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mwishoni mwa 1912 Gandhiji na Kallenbach walimsindikiza mgeni wao Gokhale, kiongozi mkubwa wa India, hadi Zanzibar. Mwaka 1913 shamba likiwa limekwisha kufungwa, maelfu ya wachimba makaa na vibarua wa mashamba waligoma na kuandamana, na wanawake walitangulia kufungwa, Kasturba akiwa mmoja wao. Sheria ikalegezwa mwaka 1914, na mwezi Julai mwaka huo akaondoka Afrika moja kwa moja.

Mengine yanajulikana: India, chumvi, magereza, uhuru wa mwaka 1947 uliokuja na damu ya mgawanyiko, na risasi za tarehe 30 Januari 1948, zilizofyatuliwa na Mhindu mwenzetu. Mwaka huohuo sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika Mashariki, ikamwagwa Jinja, mahali mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria.