Claude Lorrain, Mchora Nuru ya Jua

Ziko elimu zipatikanazo kwa mwalimu, na iko elimu isiyopatikana ila kwa kuamka kabla ya jogoo. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyeamka mapema: Claude Gellée, ajulikanaye kwa jina la Claude Lorrain, yaani Claude wa nchi ya Lorraine.

Alizaliwa katika kijiji cha Chamagne mnamo mwaka 1600, au miaka michache baadaye. Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, wakati ule ilikuwa na mtawala wake. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, nao walifariki angali mtoto wa miaka kama 12. Sandrart, rafiki yake aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba alifunzwa kazi ya kuoka vitu vitamu, na kwa kazi hiyo akafika Roma. Huko aliingia katika nyumba ya mchoraji Agostino Tassi akiwa mtumishi, akipika na kusaga rangi. Jikoni hapo ndipo ufundi wake ulipoanzia.

Mwaka 1625 alirudi Lorraine, akafanya kazi mjini Nancy. Lakini mwaka 1627 alikuwa Roma tena, wala hakuhama mpaka kufa. Alizoea kwenda mashambani nje ya mji kabla ya mapambazuko, akakaa hata usiku, akitazama jinsi rangi za mbingu zibadilikavyo. Kabla yake, wengi walichora miti na vilima kuwa pambo tu nyuma ya watu. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuliweka jua lenyewe katikati ya picha, likimulika bahari na majengo. Na watu akawachora wadogo, kama ipasavyo viumbe mbele ya ukuu wa uumbaji.

Sifa zake zikaenea. Baba Mtakatifu Urbano VIII alimwagiza picha, na Mfalme Filipo IV wa Hispania vilevile. Lakini palipo asali hapakosi nzi. Walitokea watu waliochora kwa kuiga mtindo wake na kuuza kazi zao kwa jina lake. Yeye, kuanzia mwaka 1635 hivi, alishika njia ya utulivu: kila alipomaliza picha aliinakili kwa wino katika kitabu, na nyuma ya karatasi akaandika jina la mnunuzi. Hivyo mwenye shaka aliweza kuhakikisha. Michoro hiyo yapata 195, na kitabu chenyewe, kiitwacho Kitabu cha Ukweli, kimehifadhiwa London katika British Museum.

Hakuoa. Nyumbani mwake alilelewa msichana Agnese, aliyezaliwa mwaka 1653, ambaye wengi wadhani kuwa ni binti yake. Uzeeni aliteswa na jongo, lakini hakuweka kalamu chini. Picha yake ya mwisho ni ya mwaka 1682, na tarehe 23 Novemba mwaka huohuo alifariki. Alizikwa katika kanisa la Trinità dei Monti, na mwaka 1840 mabaki yake yakahamishiwa kanisa la San Luigi dei Francesi.

Mchoraji mkuu wa Uingereza, Turner, aliyefariki mwaka 1851, aliusia kwamba picha zake mbili zitundikwe kando ya picha za Claude katika National Gallery ya London. Mojawapo ya hizo za Claude yaonyesha Malkia wa Sheba akiingia chomboni asubuhi; ilichorwa mwaka 1648.

Basi sisi wazazi tusimdharau mtoto aliye jikoni, hasa yatima. Hatujui macho yake yanatazama nini. Tena tujifunze kwa yatima huyu kwamba jina jema halilindwi kwa kelele, bali kwa kazi safi na daftari la kweli.