Kyu Sakamoto

Kyu Sakamoto (10 Desemba 1941 – 12 Agosti 1985) alikuwa mwimbaji na mwigizaji kutoka nchini Japani. Anajulikana hasa kwa wimbo "Ue o Muite Arukō", ambao nje ya Japani uliuzwa kwa jina la "Sukiyaki". Mwaka 1963 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani, ingawa uliimbwa kwa Kijapani tangu mwanzo hadi mwisho. Nyimbo zake ni kati ya zile zinazomfaa mtu anayetaka kuimba karaoke kwa Kijapani kwa mara ya kwanza.

Maisha ya awali

Sakamoto alizaliwa katika mji wa Kawasaki, mkoa wa Kanagawa, siku chache baada ya Japani kuingia vitani dhidi ya Marekani. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto tisa. Jina lake huandikwa kwa alama ya tarakimu tisa, ambayo kwa Kijapani husomwa pia "kyu". Baba yake alikuwa na shughuli ya kupakia na kupakua mizigo bandarini.

Kawasaki ulikuwa mji wa viwanda. Mwaka 1943 mama yake aliwachukua watoto wadogo akahamia nao kwa wazazi wake huko Kasama, mkoa wa Ibaraki, mbali na hatari ya mabomu. Familia ilirudi Kawasaki mwaka 1949. Wazazi wake walitalikiana mwaka 1956, naye akachukua jina la ukoo wa mama yake, Oshima. Hata hivyo jukwaani aliendelea kutumia jina la Sakamoto.

Kazi ya muziki

Kama vijana wengi wa Japani baada ya vita, Sakamoto alivutiwa na muziki wa rokenroli wa Marekani, hasa wa Elvis Presley. Mwaka 1958 alijiunga na bendi ya The Drifters, kisha akahamia Paradise King, bendi iliyoongozwa na Danny Iida. Huko ndiko alikoanza kupata umaarufu.

Mwaka 1961 alikutanishwa na mtunzi wa muziki Hachidai Nakamura na mtunzi wa maneno Rokusuke Ei. Wajapani waliwaita watatu hao kundi la 6-8-9, kwa kuwa "roku" ni sita, "hachi" ni nane na "kyu" ni tisa. Kazi yao iliyovuma zaidi ilikuwa "Ue o Muite Arukō". Jina hilo lina maana ya kutembea huku ukitazama juu. Wimbo unamhusu mtu anayetembea peke yake usiku akiwa ameinua uso ili machozi yasidondoke.

Ei alitunga maneno hayo baada ya maandamano ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Maandamano yalikuwa makubwa, lakini mkataba ulipitishwa, naye akabaki na majonzi. Hata hivyo hakutaja siasa popote katika wimbo. Kwa sababu hiyo kila msikilizaji aliweza kuuchukua kuwa wake, awe amefiwa, ameachwa au yuko mbali na nyumbani.

Sakamoto aliuimba kwa namna ya waimbaji wa rokenroli, akizikatakata irabu na kuzirudia. Ei hakupendezwa na uimbaji huo alipousikia mara ya kwanza, lakini wasikilizaji waliupenda. Wimbo ulitangazwa na televisheni ya NHK, na santuri yake ilipotoka Oktoba 1961 ilinunuliwa sana.

Kuvuma nje ya Japani

Louis Benjamin, mkuu wa kampuni ya santuri ya Pye ya Uingereza, aliusikia wimbo huo alipokuwa Japani. Aliupeleka kwa bendi ya jazi ya Kenny Ball, ambayo iliurekodi kwa ala tupu bila maneno. Kwa kuwa jina la Kijapani lilionekana gumu kwa Waingereza, wimbo uliitwa "Sukiyaki". Sukiyaki ni chakula cha nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kupikwa pamoja na mboga, tofu, sukari na mchuzi wa soya. Hakina uhusiano wowote na wimbo. Mwandishi mmoja wa jarida la Newsweek alisema kwamba ni sawa na kuuza wimbo "Moon River" huko Japani kwa jina la mchuzi wa nyama.

Nchini Marekani, mtangazaji wa redio katika mji mdogo wa Pasco, jimbo la Washington, alianza kuipiga santuri ya Sakamoto mwenyewe, na wasikilizaji wakaomba irudiwe. Kampuni ya Capitol ikaitoa rasmi. Tarehe 15 Juni 1963 ilifika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard na kukaa hapo kwa majuma matatu. Miaka 18 tu ilikuwa imepita tangu nchi hizo mbili zilipoacha kupigana. Hakuna wimbo mwingine wa Kijapani uliofika nafasi hiyo.

Mwaka 1981 kundi la A Taste of Honey la Marekani liliurekodi kwa maneno ya Kiingereza na kufika nafasi ya tatu. Maneno hayo yalikuwa ya mapenzi na hayakuwa tafsiri ya maneno ya Ei.

Nyimbo nyingine na kazi za kijamii

Mwaka 1963 Sakamoto alirekodi nyimbo nyingine mbili ambazo bado zinaimbwa sana Japani. "Miagete Goran Yoru no Hoshi o" inamwalika msikilizaji kutazama nyota za usiku. Ilitoka katika mchezo wa jukwaani uliohusu vijana wanaofanya kazi mchana na kusoma sekondari usiku. "Ashita ga Aru sa" inamhusu kijana mwenye haya anayempenda msichana lakini kila siku anaahirisha kuzungumza naye, akijipa moyo kwamba kesho ipo.

Mwaka 1971 alimwoa mwigizaji Yukiko Kashiwagi, wakapata mabinti wawili. Katika miaka iliyofuata alijitolea sana kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Aliongoza kipindi cha televisheni kuhusu ustawi wao katika kisiwa cha Hokkaido, na aliimba huku akitumia lugha ya alama.

Nyimbo zake katika karaoke

Neno "karaoke" limeundwa kwa maneno mawili: "kara", yaani tupu, na "oke", kifupi cha okestra. Ni muziki wa bendi usio na mwimbaji, ili mtu yeyote ajaze nafasi hiyo. Mwaka 1971 Daisuke Inoue, mpiga muziki wa Kobe, alianza kukodisha mashine zake za karaoke katika baa za mji huo. Nyimbo za Sakamoto zilikuwa tayari zinajulikana na vizazi vyote, kwa hiyo zilifaa kwa matumizi hayo.

Mtu anayechagua wimbo wa Kijapani wa kuanzia huangalia mwendo, wingi wa maneno na urefu wa sauti unaohitajika. "Ue o Muite Arukō" ina mwendo wa wastani, maneno machache na mafungu yanayofanana, na ina sehemu ya kupiga mluzi ambayo humpa mwimbaji nafasi ya kupumzisha ulimi. "Miagete Goran Yoru no Hoshi o" huenda polepole, ingawa inadai pumzi ndefu. "Ashita ga Aru sa" ina beti nyingi, lakini tuni yake hurudiwa. Iwapo wimbo uko juu au chini mno, mashine za karaoke za sasa huweza kushusha au kupandisha sauti ya ala.

Kwa msemaji wa Kiswahili matamshi si kikwazo kikubwa. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Jina la Mkuyuni, mtaa wa jijini Mwanza, lina silabi nne, m-ku-yu-ni, na m husimama peke yake. Vivyo hivyo neno "sensei", yaani mwalimu, lina mapigo manne, se-n-se-i, na n huhesabiwa peke yake. Kijapani hakitofautishi l na r.

Jambo la kuangaliwa ni urefu wa irabu. Kama vile "kufa" na "kufaa" ni maneno mawili tofauti, "ojisan" ni mjomba au baba mdogo, na "ojiisan" ni babu. Kistari kilicho juu ya o katika "Arukō" huonyesha kwamba irabu hiyo huvutwa. Wepesi wa matamshi haumwondolei mwimbaji haja ya kujua maana. Tuni ya "Ue o Muite Arukō" inasikika ya kuchangamka, lakini maneno yake ni ya mtu anayezuia kilio.

Kifo

Tarehe 12 Agosti 1985 Sakamoto alipanda ndege ya Japan Airlines namba 123 kutoka Tokyo kwenda Osaka. Ilikuwa karibu na sikukuu ya Obon, ambapo Wajapani wengi husafiri kwenda kuwakumbuka marehemu wao, na ndege ilikuwa imejaa. Muda mfupi baada ya kuruka, ukuta wa ndani wa mkia ulipasuka na marubani wakapoteza uwezo wa kuiongoza. Walihangaika nayo kwa takriban nusu saa kabla haijaanguka milimani katika mkoa wa Gunma. Kati ya watu 524 waliokuwamo, 520 walifariki, na Sakamoto alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 43. Uchunguzi ulionyesha kuwa ukuta huo haukutengenezwa ipasavyo baada ya ndege hiyo kugonga mkia wake chini mwaka 1978. Hadi leo hakuna ajali ya ndege moja iliyoua watu wengi zaidi.

Urithi

Sayari ndogo namba 6980 imepewa jina la Kyusakamoto kwa heshima yake. Mji wa Kuriyama, Hokkaido, una jumba la kumbukumbu yake. Mwaka 2001 "Ashita ga Aru sa" ilirekodiwa upya na kupendwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka mara ya kwanza. Nje ya Japani "Ue o Muite Arukō" bado inajulikana na wengi kwa jina la chakula, lakini katika orodha za karaoke za Japani mwimbaji huikuta kwa jina lake lenyewe.