William Halsted: sindano ya ganzi ilisaidia watu wengi, yeye ikamuharibu

Wengi kati yenu munajua mambo inavyokuwa wakati mama mzee anateleza kwenye matope na kuvunjika nyonga. Hawezi kusimama, hawezi kugeuka kitandani, na mukimubeba tu ili apigwe picha ya radio, analia mpaka majirani wanasikia. Pale penye muganga aliyefunzwa na dawa zipo, anapigwa sindano moja karibu na kinena, pale mushipa mukubwa wa fahamu unapopita kuingia mbele ya paja. Kisha nusu saa hivi maumivu yanapunguka sana, na yeye mwenyewe anabaki macho, anaongea na watoto wake. Hii kazi ya kulaza mushipa bila kulaza mutu muzima ilianza zamani, na mumoja wa walioianzisha ni Mumarekani William Stewart Halsted.

Alizaliwa New York tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 1852, katika familia ya wafanyabiashara wenye feza. Shuleni hakuwa mutu wa vitabu. Kule Yale alijulikana zaidi kama kapiteni wa timu ya mupira, ule mupira wa Wamarekani wa kubeba mikononi. Lakini alipoingia masomo ya uganga akabadilika, akapata diploma mwaka 1877, akaenda kujifunza Vienna na Ujerumani kwa miaka 2, akarudi kwao mwaka 1880.

Ile miaka ya New York alikuwa mutu wa haraka na asiyeogopa. Mwaka 1881 dada yake alizaa, damu ikatoka nyingi, akawa anaelekea kufa. Halsted akajitoa damu yake mwenyewe, akamutia dada, kisha akamupasua. Mwaka uliofuata mama yake akashikwa na mawe ya nyongo. Usiku ule ule akamupasua juu ya meza ya jikoni. Wote wawili wakapona. Muganga wa leo akifanya hivyo kwa mama yake tungemushitaki, mimi naona hivyo, lakini ile ilikuwa wakati mwingine.

Mwezi wa 9 mwaka 1884 habari ikatoka Ulaya: muganga kijana wa Vienna, Carl Koller, alitia maji ya kokaini ndani ya jicho na jicho likakufa ganzi. Mutu anaweza kupasuliwa jicho akiwa macho na asisikie kitu. Halsted na wenzake, kati yao Richard Hall, wakawaza mbali zaidi. Mushipa wa fahamu ni kama waya wa umeme: ukikata kwenye shina, taa zote za upande ule zinazima. Basi kuliko kupiga sindano kila mahali panapouma, kwa nini wasifikishe dawa kwenye shina la mushipa wenyewe?

Wakajaribu juu ya miili yao. Wakapigana sindano, mumoja kwa mwingine, pamoja na wanafunzi wao. Kabla ya mwaka ule kuisha walikuwa wamelaza mushipa wa taya, mutu anaweza kutolewa jino bila kulia. Halsted akafikia hata mishipa ya shingoni inayoongoza mukono wote. Kwa muda wa mwaka mumoja hivi walifanya operesheni zaidi ya 1,000 kwa njia hiyo.

Wakati ule kokaini haikuogopwa. Waganga wengi waliifikiri kuwa dawa ya kutia nguvu tu. Ikawashika. Wenzake kadhaa waliojaribu naye waliharibika, wengine wakafa, na vitabu vinawapitia kwa mustari mumoja, hata majina hayatajwi. Hii inaniuma kuliko yote katika hii historia. Halsted mwenyewe, mwaka 1885, akatoa makala katika jarida la waganga la New York, na maneno yake yalichanganyika kiasi kwamba aliyesoma angejua kuna kitu hakiendi.

Mwaka 1886 rafiki yake William Welch akamupandisha mashua kwenda visiwa vya Karibi, ili amutenge na dawa. Haikusaidia. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butler, kule Providence, akakaa miezi mingi. Walimutoa kwenye kokaini kwa kumupa morfini, ndiyo kusema walimutoa shimo moja wakamuingiza lingine. Akarudia kulazwa tena.

Welch hakumuacha. Akamuleta Baltimore, ambako hospitali mupya ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889. Pale Halsted akawa mukubwa wa upasuaji, na mwaka 1892 profesa. Yule mutu wa haraka alikuwa amekwisha. Sasa alipasua polepole sana, akifunga kila kamushipa ka damu, akishika nyama kwa upole. Nesi wake wa chumba cha kupasulia, Caroline Hampton, alikuwa anaungua mikono na dawa ya kuua vijidudu. Halsted akaagiza kwa kampuni ya Goodyear glavu nyembamba za mpira. Mwaka 1890 wakaoana. Glavu zikabaki, na leo hakuna anayepasua bila hizo. Operesheni yake ya kansa ya titi, ya kutoa titi lote pamoja na misuli ya kifua, haikubaki. Waganga waliona baadaye kwamba inawezekana kukata kidogo zaidi.

Kokaini nayo iliachwa. Mwaka 1943 Waswidi walitengeneza lidokaini, ambayo haifungi mutu kama kokaini. Mwaka 1989 Mufaransa Bernard Dalens akaonyesha kwa watoto njia ya kumwanga dawa chini ya utando wa kinenani ili ienee mpaka kwenye mishipa ya paja. Njia hiyo leo inatumika sana kwa wazee waliovunjika nyonga. Muganga anaisikia sindano ikipenya tando mbili, tak, tak, ama anaifuata kwenye ekografi. Nyonga inalishwa na mishipa kadhaa, kwa hiyo kwa operesheni yenyewe mara nyingi wanaongeza sindano ya mugongo ama dawa ya usingizi. Lakini uchunguzi umeonyesha kwamba wazee waliopata ganzi hiyo wanaumwa kidogo wakigeuzwa, na hawachanganyikiwi akili sana kama wengine. Familia inaweza kuuliza muganga kama iko, kuuliza hakulipishwi.

Mwaka 1922 waganga wa meno wa Marekani walimupa Halsted heshima juu ya ile sindano ya taya. Miezi michache baadaye wanafunzi wake wa zamani walimupasua mawe ya nyongo, ugonjwa ule ule wa mama yake. Akafa tarehe 7 mwezi wa 9, akiwa na miaka 69. Mwenzake William Osler alikuwa ameacha maandishi ya siri, yaliyotolewa mwaka 1969 tu: Halsted alikuwa bado anajipiga morfini wakati wote walifikiri amepona.