Sultan Majid: Aliyeanzisha Dar es Salaam na asiione ikikamilika

Kila Simba na Yanga zinapokutana, mabasi ya mikoani huingia Dar es Salaam yamejaa mashabiki. Wengi wenu mnaotusikiliza mmewahi kufanya safari hiyo: mpira Temeke, manunuzi Kariakoo, kisha kugeuza kurudi nyumbani. Ni wachache wanaosogea hadi Posta, ambako bado yapo majengo yanayoeleza mji huu ulikotoka. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyeuanzisha, Sayyid Majid bin Said.

Urithi uliogombaniwa

Majid alizaliwa katika miaka ya 1830. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na sehemu kubwa ya pwani yetu, na ndiye aliyehamishia makao yake Zanzibar na kuhimiza kilimo cha karafuu. Mwaka 1856 Said alifariki baharini akiwa safarini kutoka Oman. Majid akashika Zanzibar, na kaka yake Thuwaini akabaki na Oman.

Ndugu hawakuridhika. Mwaka 1859 Thuwaini aliandaa meli kuja kuiteka Zanzibar, lakini Waingereza wakamrudisha. Mwaka huohuo mdogo wake Majid, Barghash, aliasi akitaka kiti. Hata dada yao Salme aliusaidia uasi huo. Mabaharia wa Kiingereza waliuzima, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, aliamua kwamba Oman na Zanzibar ziwe nchi mbili, na Zanzibar iilipe Oman riyal 40,000 kila mwaka. Hivyo Majid akawa Sultani wa kwanza wa Zanzibar iliyojitenga na Oman. Lakini kiti chake kilikuwa kinategemea manowari za wageni, na mabalozi wao mjini Zanzibar walifuatilia kila alichofanya.

Kwa nini Mzizima?

Katika miaka ya 1860 Majid aligeuza macho ng'ambo, Bara. Pale ilipo Posta leo palikuwa karibu na Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo waliovua samaki na kulima. Jirani yake kulikuwa na bandari ya asili: mlango mwembamba, na ndani maji ya kina yaliyotulia. Bagamoyo, ambako misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikiishia, haikuwa na bandari ya namna hiyo.

Majid alitaka misafara hiyo ije kwake, na yeye mwenyewe apate mahali mbali kidogo na macho ya mabalozi. Aliuita mji wake Dar es Salaam. Yakajengwa kasri, nyumba za mawe ya matumbawe na barabara. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walialikwa kuhamia, na mashamba ya minazi yakaanzishwa. Mwaka 1867 aliwaandalia mabalozi wa mataifa makubwa karamu katika mji huo mpya.

Jasho la nani?

Hapa tusifiche jambo. Sehemu kubwa ya kazi ile, kuanzia kukata mawe na kuyabeba hadi kulima mashamba, ilifanywa na watumwa. Utajiri wa dola ya Majid ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu. Wengi wao walichukuliwa vijijini huko Bara, katika maeneo ambayo baadhi yenu mnatusikilizia leo. Majina yao hayakuandikwa ukutani, lakini kuta ni kazi ya mikono yao. Anayemtaja Majid kama mwanzilishi wa mji anapaswa kuwataja na wao.

Mji ulioachwa nusu

Majid alifariki Oktoba 1870, akiwa bado katika miaka ya thelathini. Aliyerithi kiti ni Barghash, ndugu yuleyule aliyewahi kumpindua bila kufanikiwa. Barghash hakuwa na haja na mji wa marehemu. Ujenzi ukasimama, na nyumba nyingi zikaanza kubomoka.

Mwaka 1887 Wajerumani walifika, wakavutiwa na bandari ileile, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Ndoto ya Majid ikatimizwa na watu wengine, kwa faida yao wenyewe.

Ukifika Posta

Ukipanda mwendokasi wa Kivukoni, shuka Posta ya Zamani. Ukiwa Kariakoo, unaweza kutembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Katika Barabara ya Sokoine, ukielekea zinakoegesha boti za Zanzibar, utaliona Boma la Kale, jengo la enzi za Majid ambalo lingali limesimama. Angalia unene wa kuta zake.

Karibu na hapo kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897, na mbele kidogo kanisa la Kilutheri la Azania Front. Ukirudi upande wa Kisutu utakuta misikiti na mahekalu ya Wahindu. Kabla ya kuingia nyumba yoyote ya ibada, omba ruhusa kwa mlinzi, vaa kwa heshima, na vua viatu panapotakiwa.

Majengo mengi ya zamani katikati ya jiji yameshabomolewa kupisha maghorofa, na jengo lisilojulikana na watu huondoka bila mtetezi. Kwa hiyo safari ijayo ya mpira, tengeni saa mbili kabla ya mechi. Wachukueni na watoto, waambieni nani aliagiza kuta zile zijengwe, na nani walizijenga.