Padri Stefano Kaoze, Mwana wa Masomo ya Mpala

Katika siku hizi za Yubile, tunapohesabu mapadri, watawa na walimu waliotoka katika shule yetu, tunapashwa kumkumbuka yule aliyewatangulia wote. Ndiye Padri Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupewa Daraja Takatifu la upadri.

Alizaliwa katika inchi ya Marungu, karibu na ziwa Tanganika, kuelekea mwisho wa karne ya 19. Zilikuwa siku za machozi, maana wafanya biashara ya watumwa walichoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka wa 1885, na watu wengi wakakimbilia huko kutafuta salama. Misioni ikafungua masomo, na Kaoze akaingia humo angali kijana.

Humo watoto walifundishwa kusoma, kuandika na katekisimu. Askofu Victor Roelens, aliyewekwa kuwa askofu mwaka wa 1896, alitaka masomo yale yatoe makatekista, na baada yao mapadri wenyeji. Kwa hiyo vijana wachache wakaanzishwa Kilatini. Wazungu wengi wa siku zile hawakusadiki kwamba mtu mweusi angeweza kufika mbali hivyo. Kaoze alidumu. Alitoka Mpala akaenda seminari kubwa ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, akasoma filosofia na teolojia.

Angali mseminari, aliandika kwa Kifaransa juu ya mawazo na desturi za Wabantu, na maandiko yake yakachapwa katika gazeti la La Revue Congolaise mwaka wa 1910 na 1911. Hapo tunaona matunda ya mafundisho aliyopokea. Masomo ya dini hayakumtenga na watu wake, bali yalimpa macho ya kuwatazama na kinywa cha kusema kwa ajili yao. Wageni waliandika kwamba Mwafrika hana akili ya kufikiri, naye akaeleza jinsi wazee wake walivyofikiri na walivyomtambua Mungu.

Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, Askofu Roelens alimpa upadri. Mwaka wa 1920 alifuatana na askofu wake mpaka Ulaya. Baadaye alichunga parokia ya Kwa Mia, iliyokuwa mikononi mwa mapadri wenyeji, na baada ya Vita ya Pili ya dunia aliitwa kukaa katika Baraza la Serikali ya koloni. Alifariki mwaka wa 1951.

Ndugu Wakristu, hatuandiki haya kwa kumsifu marehemu tu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka wa 1974 Serikali ya Zaïre ilizitwaa shule za misioni, na somo la dini likaondolewa. Kwa mkataba wa mwaka wa 1977 Ekleziya ilirudishiwa usimamizi wa shule zake. Tulifurahi sana. Lakini somo lililorudishwa kwa mkataba laweza kupotea tena kwa uvivu wetu. Sisi makatekista tumeona saa ya dini ikipewa mwalimu yeyote asiye na kazi, au ikitumiwa kumaliza hesabu. Tumewaona pia wanamasomo wanaojibu maswali yote ya katekisimu, kisha wanaiba katika mtihani. Tukiri kwamba kosa si lao peke yao.

Basi, mwalimu atayarishe somo la dini kama anavyotayarisha masomo mengine, tena awe yeye mwenyewe mfano wake. Mzazi amwulize mtoto jioni ni nini alichojifunza juu ya Mungu. Nanyi mapadri wageni wetu, mnapotembelea shule, ingieni pia katika darasa wakati wa saa ile. Kaoze alikuwa mtoto mmoja tu katika masomo ya Mpala, na wenzake hawakujua atakuwa nani. Hata sisi hatujui ni nani aketiye leo katika mabenchi ya shule yetu.