Padre Horner na Watoto wa Soko la Unguja

Msafiri atokaye Mlingotini kuelekea Bagamoyo hupita Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kisha huingia mjini. Na akizidi kwenda kaskazini, ataiona Misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu na njia yake ya miembe. Pwani hii yote yatazamana na Unguja, na katika karne ya 19 ilikuwa mlango wa kuvushia watu waliotekwa bara. Aliyeianzisha Misioni ile mwaka 1868, hasa kwa ajili ya watoto, ni Padre Antoine Horner. Habari zake zawafaa wazazi wa leo.

Alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, Ufaransa. Alitumwa kwanza kisiwa cha Réunion, ambako utumwa ulifutwa mwaka 1848 tu, na huko akaishi kati ya watu walioijua minyororo si kwa kusimuliwa. Mwaka 1863 alifika Unguja, akaishika kazi ambayo mapadre wa Réunion walikuwa wameianza mwaka 1860. Wakati huo mtoto aliuzwa hadharani katika soko la Mkunazini, akifunuliwa meno na kupapaswa mikono kama mnyama, wala mwuzaji hakuona haya.

Padre Horner aliwanunua watoto hao ili kuwaweka huru. Fedha zilitoka kwa waamini wa Ulaya, nyingine zikitolewa na watoto wenyewe katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Hatuna budi kusema wazi kwamba fedha ile, ikiisha kuingia mkononi mwa mwuzaji, iliweza kumrudisha bara kutafuta mtoto mwingine. Lakini yule aliyekuwa amekwisha simamishwa sokoni, angeambiwa angoje mpaka biashara ife?

Katika watoto wale, msichana mmoja Myao aitwaye Suema ndiye anayetufundisha zaidi. Padre Horner aliyaandika masimulizi yake, nayo yakachapishwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake aliuawa na simba. Mama, akiisha kubaki mjane katika njaa, alikopa nafaka, akashindwa kulipa. Mdai akamtwaa binti badala ya deni, akamwuza kwa wafanyabiashara wa msafara kwa vitambaa. Mama akaomba afuatane nao, abebe mzigo, mradi asitengane na mwanawe. Nguvu zilipomwishia aliachwa njiani. Suema alifika Unguja hali yake ikiwa mbaya mno, akahesabiwa kuwa hasara, akafukiwa angali hai. Kijana mmoja wa Réunion ndiye aliyemfukua na kumpeleka kwa masista.

Tazameni, basi, mambo yalivyoanza. Hayakuanzia sokoni wala jahazini. Yalianzia jikoni kwa mjane asiye na nafaka, na mtu wa kwanza kumtia mtoto utumwani hakuwa mgeni kutoka ng'ambo, bali mdai wa huko huko nyumbani.

Leo soko la Mkunazini halipo, lakini njia ile ya jikoni ingalipo. Katika vijiji vingi, vya pwani na vya bara, huja mtu anayefahamika, pengine jamaa wa mbali, na ahadi ya kumsomesha mtoto mjini. Mtoto huondoka na kifurushi chake. Shule haionekani, akawa mtumishi wa nyumbani bila mshahara, au akafikiwa na mabaya kuliko hayo. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni sheria njema, ila hakimu hawezi kumtafuta mtoto ambaye mzazi mwenyewe hajui amepelekwa mtaa gani. Na jirani anayeona mjane akikopa unga kwa mara ya tatu, huyo aona mapema kuliko polisi.

Padre Horner naye alitambua kwamba kumkomboa mtoto ni mwanzo tu. Aliyeletwa kutoka mbali hakuwa na ukoo wa kumrudisha, na akiachwa peke yake pwani angekamatwa tena kabla ya juma kwisha. Ndiyo sababu ya Bagamoyo: mashamba, shule, karakana, na kijiji cha vijana waliooana. Kipindupindu kikaua wengi, na tufani ya Aprili 1872 ikayabomoa majengo. Yakajengwa tena.

Wala tusifanye kana kwamba watoto wote walifurahi. Kengele ilitawala siku nzima, kazi ya shamba ilikuwa nzito, na waliokombolewa hawakuulizwa sana wanataka nini. Baadhi walitoroka. Twaona kwamba hapo wamisionari walikosea, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuamriwa na bwana alihitaji pia kujifunza kusema hapana.

Mwaka 1877 Misioni ya Mhonda ilifunguliwa bara, na baadhi ya vijana wa Bagamoyo wakaenda kukaa huko. Padre Horner, afya yake ikiwa imeharibika, alirudi Ufaransa, akafariki Cannes mwaka 1880. Soko la Unguja lilikuwa limefungwa tangu Juni 1873, kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Majahazi yalikuwa bado yakivusha watoto usiku.